UZI: Tungeiuliza kompyuta kuhusu pambano la Mahiwa 1917, ingetujibu nini? Tuzungumze uigaji wa vita vya anga na nchi kavu

#1 Mwalimu wa Mingoyo (mleta uzi)

Wakuu, heshima zenu.

Ukitoka Lindi mjini kwenda Masasi unapita Mtama, unapita Nyangao, na Mahiwa iko jirani hapo. Abiria wengi wanakuwa wameshasinzia. Kuanzia tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917 eneo hilo lilikuwa na pambano ambalo wanahistoria wengi hulitaja kuwa la umwagaji damu mkubwa kuliko yote katika Vita Kuu ya Kwanza upande wa Afrika Mashariki. Wajerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck walikuwa takriban 1,500, na wengi wao walikuwa askari Waafrika. Waingereza walikuwa takriban 4,900, wakiwemo Wanaijeria na King's African Rifles (askari Waafrika wa makoloni ya Uingereza Afrika Mashariki). Siku nne baadaye Waingereza walikuwa wamepoteza watu wapatao 2,700, kwa kuhesabu waliokufa na waliojeruhiwa. Wajerumani walipoteza 519.

Nimeleta habari hii kwa sababu majeshi makubwa siku hizi hayanunui ndege wala kupanga vita kabla ya kupigana kwanza ndani ya kompyuta, ndio huo uigaji. Marekani walianza zamani. Miaka ya 1950, kwenye ofisi ya utafiti wa kijeshi iliyoendeshwa na Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, mwanafizikia George Gamow alibuni mchezo wa mapambano ya vifaru, na katika kazi hiyo ikazaliwa programu iliyoitwa Carmonette. Baadaye Jeshi lao la Anga likawa na THUNDER, kisha STORM. Hizi zinapigana vita nzima, ndege na majeshi ya ardhini kwa pamoja, siku baada ya siku, halafu zinairudia vita ile ile mara nyingi, kila mara bahati ikiangukia mahali tofauti.

Msimamo wangu nauweka mapema tusije tukazungukana. Mashine hizi hazijui nani atashinda, na anayeziuza kwa maneno hayo anawauzia watu upepo. Kazi ya mashine ni kukuonyesha jibu lako limeegemea namba ipi. Mahiwa inalionyesha hilo vizuri, na tunayo hapa nyumbani.

Hesabu nashusha jioni.

#2 Ming'oko Mibichi

Chai hii. Kompyuta inajuaje pori la Mahiwa? Lettow alishinda kwa akili na ujanja, hakuwa na Excel.

#3 Korosho Daraja la Kwanza

Nimetandika mkeka. Mnada umeahirishwa tena, sina pa kwenda, shusha nondo mwalimu.

#4 Mwalimu wa Mingoyo

Ming'oko, tulia kwanza, povu utalitoa baadaye.

Mzee wa hesabu hizi ni Frederick Lanchester, mhandisi wa magari wa Uingereza. Mwaka 1914 aliandika makala kuhusu ndege vitani na humo akaweka kanuni mbili ambazo mpaka leo ziko ndani ya programu nyingi, zimefichwa tu chini ya picha na rangi.

Ya kwanza ni sheria ya mraba. Ikiwa kila askari anamwona adui na anaweza kumlenga yeyote kati yao, basi nguvu ya jeshi ni makali ya askari mmoja (uwezo wake wa kuangusha adui) mara idadi yao mara idadi yao tena. Chukua watu 1,000 dhidi ya 700, silaha na ujuzi sawa. Mtu wa kawaida atasema wale 1,000 watabaki 300. Sheria ya mraba inasema 700 watakwisha wote na upande wa pili watabaki kama 714. Wingi unajilipa mara mbili, kwa sababu bunduki nyingi zinagawana shabaha chache.

Ya pili ni sheria ya mstari. Hii ni pale watu wanapopigana mmoja kwa mmoja, au wanapomimina risasi kwenye kichaka bila kumwona waliyemkusudia. Hapo idadi inahesabiwa mara moja tu.

Turudi Mahiwa. Kwa sheria ya mraba, 1,500 dhidi ya 4,900 ili watoke sare tu, kila askari wa Lettow anatakiwa awe na makali ya Waingereza karibu 11. Mtu anayekaa mbele ya kompyuta tarehe 14 Oktoba hawezi kuandika namba hiyo akabaki na kazi yake. Angeandika 2, au 3 kama ni shabiki wa Wajerumani, na mashine ingemwambia Lettow amekwisha.

Sasa tuingie kinyumenyume. Tunajua walioanguka: 519 na 2,700. Tuiulize kanuni, makali yalikuwa kiasi gani ili matokeo haya yatoke? Sheria ya mraba inajibu karibu 15. Sheria ya mstari inajibu 5.2.

Askari ni wale wale na risasi ni zile zile. Kubadilisha kanuni tu kumempandisha askari mmoja kutoka 5 hadi 15. Na hapa tuna pambano moja lenye namba mbili. Uigaji wa vita nzima una maelfu ya namba za aina hii: kila ndege dhidi ya kila kombora, kila kifaru dhidi ya kila bunduki, mchana, usiku, mvua.

Na hiyo 15 haimo kwenye damu ya askari. Walikuwa wamejichimbia kwenye miinuko, wana rashasha, na Jenerali Beves wa Waingereza akawa anawatuma watu wake mbele uso kwa uso, mara kwa mara. Lettow mwenyewe aliandika kwamba alimfahamu Beves tangu pambano la Reata, Machi 1916, kuwa ni mtu wa kusukuma watu bila kujali hasara, akaupanga mstari wake akijua hivyo. Kwa hiyo ndani ya ile namba inayoitwa makali ya askari wa Kijerumani kumejificha tabia ya jenerali wa Kiingereza. Niambieni utaiandika kwenye seli ipi.

#5 Bi Shangani

Mwalimu, hongera kwa uzi. Huku Mtwara tunakusoma. Ila kichwa cha habari umesema anga na nchi kavu, mimi naona nchi kavu tu. Ndege ziko wapi?

#6 Mwalimu wa Mingoyo

Asante dada, nilikuwa naelekea huko.

Ndege haipiganiwi kama kikosi cha miguu. Kipimo chake ni safari: ndege moja kupaa, kufanya kazi, kurudi. Programu inauliza kila siku: ndege ngapi ziko nzima, mafundi wanaweza kuzirusha mara ngapi, njia ya kurukia ina mashimo au haina, mafuta na mabomu yamefika? Kisha inazigawa. Nyingine zilinde anga, nyingine zipige mitambo ya makombora, nyingine zipige madaraja, zilizobaki ziwasaidie wa ardhini.

Namba inayouma hapo ni hasara kwa kila safari. Inaonekana ndogo mpaka uizidishe. Ukipoteza ndege 1 katika kila safari 100, baada ya safari 30 kwa kila ndege umebaki na kama asilimia 74 ya kikosi. Ikiwa 2 kwa 100, umebaki na asilimia 55 hivi. Ikiwa 5 kwa 100, umebaki na asilimia 21, yaani huna jeshi la anga, una kumbukumbu.

Na vita halisi zimetoa namba zilizo mbali sana. Mwaka 1973 Israeli ilipoteza ndege takriban 100 katika wiki zisizofika tatu, makombora ya Misri na Syria yakifanya kazi kubwa. Mwaka 1991 muungano ulioipiga Iraki uliruka zaidi ya safari 100,000 na hasara yake yote ya ndege na helikopta haikufika 100. Ukiingiza namba ya 1973 kwenye vita ya 1991 unapata vita nyingine kabisa. Ndiyo maana wanapanga uigaji kwa ngazi. Chini kuna programu inayoiga ndege mbili au nne zikiwindana, BRAWLER ni mojawapo, na humo mpaka macho ya rubani yanahesabiwa. Majibu yake yanapandishwa juu yakiwa uwezekano tu: ndege hii ikikutana na ile, inatunguliwa mara ngapi katika 100. Juu kabisa THUNDER au STORM hawamwoni rubani tena, wanaiona ile namba.

Mimi ninavyoona hapo ndipo ubovu unaposafiri. Kosa dogo la chini linafika juu limevaa suti.

Halafu kuna kuunganisha anga na ardhi. Majeshi ya ardhini kwenye programu za zamani yalipangwa kwenye vichochoro sambamba, kila upande unasukuma, mstari wa mbele unasogea kilomita kadhaa kulingana na uwiano wa nguvu. Ndege ikipiga kikosi, nguvu inapungua, mstari unarudi nyuma. Lakini bomu linapomfanya dereva wa lori akatae kuendesha mchana, hakuna kilichokufa cha kuhesabiwa, na kikosi mbele hakina chakula. Athari ya namna hiyo ni ngumu kuitia kwenye hesabu kuliko kifaru kilichoungua.

Umeme unachezacheza huku, nikipotea mjue.

#7 Mstaafu wa Masasi

Nimesoma yote. Nimelitumikia jeshi muda mrefu, sitaeleza wapi wala nini, na vijana nawaomba mambo ya jeshi letu msiyalete humu.

Neno langu ni moja. Mmehesabu askari. Hamkuhesabu wapagazi. Vita ile ilibebwa kichwani. Kila bunduki iliyofika Nyangao ilikuwa na watu nyuma yake wamebeba unga na risasi, na waliokufa kwa maradhi na njaa katika vita nzima ni makumi ya maelfu. Kwenye kanuni ya huyo Mwingereza wapo wapi?

#8 Mwalimu wa Mingoyo

Shikamoo mzee. Kwenye kanuni hawapo kabisa.

Na ndiyo maana Mahiwa inadanganya hata upande wa mshindi. Lettow alishinda pambano lakini risasi za baruti isiyotoa moshi zikawa karibu kumwishia, na theluthi ya watu wake imeanguka, watu ambao hakuwa na pa kuwapata wengine. Tarehe 25 Novemba 1917, wiki tano na ushee baadaye, alikuwa anavuka Ruvuma pale Ngomano kwenda kuwanyang'anya Wareno silaha na chakula. Uigaji wa pambano ungeandika ushindi. Uigaji wa kampeni, kama una safu ya risasi na ya posho, ungeandika kwamba anaihama nchi. Zote mbili zingekuwa sahihi.

Programu kubwa za leo zina maghala, mafuta na malori. Lakini uliza ni saa ngapi za wachambuzi zimetumika kwenye kombora na ngapi kwenye lori.

#9 Mstaafu wa Masasi

Marahaba. Hapo tumeelewana.

#10 Ming'oko Mibichi

Haya, mimi nisiyejua kitu nina swali. Kama vitu hivi ni vya maana, mbona wenyewe wakishindwa wanafuta? Mwaka 2002 Wamarekani walifanya zoezi kubwa, Millennium Challenge, sehemu watu na vyombo halisi, sehemu kompyuta. Jenerali mstaafu Paul Van Riper akapewa upande wa adui. Akakataa kutumia redio, akatuma ujumbe kwa pikipiki, akamimina makombora na boti ndogo, akazamisha meli 16 pamoja na ya kubebea ndege. Wakafanya nini? Wakazifufua meli, wakaendelea. Huo si utafiti, huo ni mchezo wa mtoto mwenye mpira.

#11 Mwalimu wa Mingoyo

Kumbe unasoma. Uwe unasema mapema.

Nitawatetea nusu. Zoezi lilikuwa na watu zaidi ya 13,000. Huwezi kuwarudisha wote nyumbani siku za mwanzo kwa sababu meli zimezama kwenye skrini. Kuzifufua ili watu waendelee kujifunza, mimi sina ugomvi nako. Ugomvi, na ndicho Van Riper alicholalamikia, ni kwamba baadaye upande wake uliwekewa masharti ya nini afanye na nini asifanye, halafu mwishoni ikadaiwa mbinu mpya zimethibitika. Mafunzo na uthibitisho ni kazi mbili. Ukizichanganya, kompyuta inageuka muhuri wa ofisi.

#12 Kipara wa Nachingwea

Sisi wa Nachingwea hili tulishalifaulu darasa lake. Baada ya Vita ya Pili Waingereza walikaa na karatasi London wakapanga ekari karibu milioni 3 za karanga Tanganyika. Hesabu zilipendeza. Wakatujengea bandari ya Mtwara na reli mpaka huku. Mwaka 1951 mradi umekufa, karanga hakuna, baadaye hata reli ikang'olewa. Namba za mavuno na za matrekta waliziandika kabla hawajaujua udongo. Mwalimu, naona jenerali wa kompyuta na bwana karanga ni ndugu.

#13 Mwalimu wa Mingoyo

Ndugu wa tumbo moja. Tofauti ni kwamba wachambuzi wenyewe wamewahi kulisema hilo hadharani. Mwaka 1991 wawili wa RAND, shirika la utafiti la Marekani, Paul Davis na Donald Blumenthal, waliandika kwamba uigaji wa vita wa jeshi lao umejengwa juu ya mchanga, maana namba za msingi hazijapimwa na hakuna sayansi ya kutosha chini yake.

Mwaka huo huo, hapo hapo RAND, wengine watatu, Dewar, Gillogly na Juncosa, walifanya kitu ambacho mimi nakipenda kuliko yote. Walichukua mfano mdogo kabisa wa Lanchester, usio na bahati nasibu ndani yake. Wakaongeza kanuni ya kibinadamu: uwiano ukishuka hadi kiwango fulani, kamanda anaita kikosi cha akiba, ukishuka zaidi, anarudi nyuma. Basi. Wakawa wanaongeza askari upande mmoja kidogo kidogo. Ungetegemea kadiri unavyoongeza ndivyo anavyoshinda. Haikuwa hivyo. Kuna mahali ukimwongezea askari anashindwa, ukiongeza tena anashinda, ukiongeza tena anashindwa. Kwa nini? Askari wa ziada anachelewesha ule wakati wa kuita akiba, upande wa pili nao unabadilisha wakati wake, na saa zikipishana kidogo tu pambano zima linageuka.

Hii nimeijaribu mwenyewe kwa Python, lugha ya kuandikia programu, mistari haifiki ukurasa, na inatokea kweli. Kwa hiyo ofisa anapokuja na uigaji ulioendeshwa mara moja akasema "tukinunua ndege 12 zaidi tunashinda," muulize ndege 11 zinasemaje, na 13.

#14 Korosho Daraja la Kwanza

Mwalimu sasa umetuvunja moyo. Kama ni mchanga, na ukiongeza unashindwa, si waache tu?

#15 Mwalimu wa Mingoyo

Hapana, wasiache. Mfano mzuri ninao.

Tarehe 26 Februari 1991 kule Iraki kulikuwa na pambano linaloitwa 73 Easting, jina la mstari tu kwenye ramani ya jangwa. Vifaru vya Marekani viliivunja sehemu ya kikosi cha Tawakalna cha walinzi wa Saddam kwa muda mfupi, hasara yao ikiwa ndogo mno. Kabla ya vita hiyo wachambuzi kadhaa walikuwa wametabiri maelfu ya wafu wa Kimarekani. Waliouawa vitani vita nzima hawakufika 150. Utabiri ulianguka, na hilo hakuna anayelikataa.

Lakini tazama walichofanya baadaye. Walikwenda kuwahoji waliopigana, wakakusanya kumbukumbu, wakalijenga upya pambano lile ndani ya kompyuta, kifaru kwa kifaru. Kisha mtafiti Stephen Biddle akatumia uigaji kuuliza: tukiwanyima Wamarekani darubini zinazoona joto inakuwaje? Tukiwarekebisha Wairaki, wafukie vifaru vyao vizuri na kuweka walinzi wa mbele wa kutoa taarifa, inakuwaje? Alichopata ni kwamba ushindi ule haukutoka kwenye mashine peke yake wala kwenye ujuzi peke yake. Silaha za kisasa zilikuwa zinayalipiza makosa ya adui. Ondoa kimojawapo, hasara ya Wamarekani inapanda sana.

Jibu hilo huwezi kulipata kwa kukaa kijiweni, na vita halisi huwezi kuirudia. Hapo kompyuta imefanya kazi yake halali: pambano linalojulikana, unabadilisha kitu kimoja, unaangalia nini kinahama.

#16 Jirani wa Ruvuma

Wakuu, sisi tuko Nanyumbu. Vita ya ng'ambo, Cabo Delgado kule Msumbiji, tangu Oktoba 2017. Hizo programu zingeiweza?

#17 Mwalimu wa Mingoyo

Kwa kanuni hizi, hapana. Lanchester anataka pande mbili zinazoonana na kuhesabika. Mtu anayelala kijijini mchana na kushika silaha usiku hana safu. Ipo mifano mingine ambayo kila mtu ndani ya kompyuta anapewa tabia yake na majirani zake, lakini huo ni uzi mwingine, na sitaki kufanya hesabu juu ya watu ambao ndugu zao wako hapa wanatusoma. Poleni sana jirani.

#18 Mstaafu wa Masasi

Umejibu vema.

Nirudi Mahiwa kabla sijalala. Hiyo 4,900 unaichukua yote kana kwamba wote walikuwa kwenye mstari wa moto. Wanaijeria waliletwa kuzunguka nyuma ya Wahle, jenerali wa Kijerumani chini ya Lettow, wakabanwa peke yao. Wengine wako upande wa Nyangao. Hawakupiga kwa pamoja. Punguza hiyo namba uone.

#19 Mwalimu wa Mingoyo

Mzee, nimepunguza. Tuseme kwa kujaribu tu kwamba waliofikiwa na mapambano ni 3,500, hasara ibaki ile ile ya 2,700. Sheria ya mraba: makali ya askari wa Lettow yanashuka kutoka 15 hadi 9. Sheria ya mstari: 5.2, haijasogea hata nukta.

Pori la Mahiwa lilikuwa zito, watu wanapiga kichaka. Naanza kuegemea mstari.

#20 Ming'oko Mibichi

Weka hilo faili la hesabu zako hapa, na mimi nichezee.

#21 Mwalimu wa Mingoyo

Nimeliambatisha. Seli za njano ndizo za kubadilisha, nyeupe usiziguse. La Python nitaliweka kesho nikifika shuleni, huku intaneti inatambaa.